Koti la Mwalimu wa Vitenzi

Kitambaa kilikuwa cha kijivu, kizito, cha kumfaa mtu atakayeketi meza ya mbele na kupigwa picha. Fundi alikitandaza mezani, akakipapasa kwa kiganja, akaridhika nacho. Jambo jingine la kumridhisha asubuhi ile hakuwa nalo. Jumamosi wanafunzi wa zamani walikuwa wanamfanyia baba yake sherehe ya kumshukuru kwa miaka yote aliyowafundisha Kiingereza, nao walikwisha kutuma ujumbe kwamba binti yake mkubwa, yaani yeye fundi, akae naye mbele. Koti angeshona. Kwenda, hapana. Ila hilo alikuwa hajamwambia mzee.

Alijua watakachofanya. Mtu mzima mwenye kitambi chake angesimama huko nyuma na kuuliza, "Jamani, Siloa yupo?" Ukumbi mzima ungeangua kicheko, kwa mapenzi tu, wala si kwa nia mbaya. Jina hilo alilipata darasani, siku mwalimu alipofundisha kulinganisha. Aliwasimamisha mbele binti zake wawili, waliosoma darasa moja kwa kuwa walipishana kidogo tu, akaandika ubaoni kwamba mdogo ni faster, mwepesi zaidi, na mkubwa ni slower, mzito zaidi, na watoto wakaitamka Siloa. Somo lililofuata, mdogo akawa mwerevu zaidi, mkubwa mnene zaidi. Kila palipohitajika mifano, ni wao. Mdogo akaolewa mbali, na jina lake la utani likafia njiani. La mkubwa lilibaki. Mpaka leo wapo wateja wanaobisha hodi wakiita, "Siloa, suruali yangu tayari?" Naye huitika, maana afanyeje?

"Hodi humu!"

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama." Mzee aliingia akihema, akavua kofia. "Haya, nipime haraka kabla sijapungua tena."

Fundi akacheka bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa baba yake. Hata kumnunia hakukupi raha. Akabana pini kwa midomo, akamzungushia utepe kifuani. Kifua kilikuwa kimenywea kweli.

"Unaikumbuka fall?" mzee akauliza, macho yakimng'aa.

Angeisahauje! Enzi zile mwalimu hakuandika kitenzi ubaoni kabla hajakitenda. Ikiwa run, atatimua mbio mpaka mlangoni na kurudi. Walipofika kwenye vitenzi vinavyogeuzwa majina, akaja na swimming, akajilaza kifudifudi juu ya meza na kuogelea hewani, tai ikining'inia, mpaka madarasa ya jirani yakahamia madirishani. Na hiyo fall, lo! Alianguka kweli, puu, akalala sakafuni kafumba macho. Darasa likaita, "Fall! Fell!" Wala hakutikisika. Mpaka watoto wapasue koo, "Fallen!" ndipo akafufuka, vumbi la chaki mwili mzima, na darasa likashangilia kana kwamba timu yao imefunga bao. Siloa naye alishangilia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Hilo alikuwa amelisahau miaka na miaka. Sasa lilimrudia pamoja na harufu yake, chaki na jasho na mbao za madawati, akauona moyo unalainika bila idhini yake.

Magoti ya suruali, kwa mwendo ule, yangedumu vipi? Mama alichoka kuyatia viraka, akamwachia binti yake sindano. Hapo ndipo mikono hii ilipojifunza kazi. Cherehani hii, wateja hawa, ufundi wote huu ulianzia kwenye magoti ya mwalimu.

"Wataniomba nianguke, watu wale," mzee alisema akichekelea. "Na wewe watakuita..."

Akazitema pini kiganjani. "Mimi siji, baba."

"Huji? Kwa nini?"

"Nikuulize mimi. Darasa lote lile, kwa nini kila siku nilikuwa mimi?"

Mzee alishangaa kweli. "Watoto wa watu wana wenyewe, mwanangu. Ningemwita mtoto wa jirani mzito, kesho yake si mama yake angenijia juu? Nyinyi mlikuwa wangu. Na mdogo wako, ukimgusa tu, machozi. Wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka mbele ya watu. Kulia nilikwenda kulilia bombani, nanawa uso, nalia, nanawa tena, ili nikirudi nimelowa asiwepo wa kuniuliza."

Mzee aliiweka kofia yake mezani.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuuliza."

"Kweli." Akaishika kofia yake, akaiweka tena mezani. "Kweli sikuuliza. Nisamehe, mama. Jumamosi usije kama hutaki, sitakulazimisha. Ila nitasimama mbele yao wote niwaambie kwamba ule haukuwa mfano. Lilikuwa kosa, na la kwangu."

Maneno hayo alikuwa ameyangoja tangu utotoni. Sasa yamekuja, na hakujua ayaweke wapi.

"Geuka," alisema fundi, akiuvuta utepe. "Nipime mgongo."

Mzee akageuka, akatanua mikono kidogo. Utepe haukumgusa. Nyuma yake mwanamke mzima mwenye wajukuu alikuwa analia, kwa sauti, kwa kwikwi, wala hakujificha. Mabega ya mzee yalishtuka. Alitaka kugeuka, akajizuia, akabaki vilevile alivyoambiwa, uso ukutani, mikono bado ameitanua.

"Umemaliza?" aliuliza baadaye, polepole.

"Bado, baba."

"Haya. Endelea tu, mama. Sina haraka."