Taza Havutwi kwa Pupa

Rawda alikuwa na wazo zuri, na alijua kuwa ni zuri. Babu yake wa kisiwa cha Chula alikuwa akivua kasa kwa taza, yule samaki anayenata kwa kichwa. Humfunga kamba mkiani, humwachia majini, na akishamganda kasa, huvutwa taratibu mpaka wote wawili wafike chomboni. Rawda alitaka taza mwenyewe asimulie. Hadithi moja tu ya darasa lao la Kismayo ingeingia katika kitabu cha shule, naye aliitaka nafasi hiyo kufa kupona.

Tatizo lilikuwa Mukhtari. Mwalimu Safiyya aliwapanga wawili wawili, na Mukhtari, Mungu ampe afya, alikuwa na mkono mwepesi wa kuongeza mambo. Akatia papa, akatia maharamia, akamalizia na harusi. Rawda alikubali kila kitu asije akaitwa mchoyo. Taza akabaki na sentensi mbili.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," mwalimu alisema akiwarudishia karatasi. "Kesho mnasoma. Mkisoma hii, nachukua ya wengine."

Rawda aliumia, na hasira zake zote zilikuwa juu yake mwenyewe. Babu alimwambia mara ngapi kwamba taza havutwi kwa pupa? Ukikaza kamba mkia hukatika, ukakosa taza na kasa.

"Papa atoke," alimwambia Mukhtari. "Maharamia pia."

"Na harusi?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Mtu atalala darasani."

"Na alale."

"Basi soma wewe. Wakikucheka, mimi simo."

Kesho yake Rawda alisoma. Taza wake alimganda kasa mzee, akamsikia anavyohema, akaionea haya kazi yake. Kamba ilipoanza kuvutwa, akakibandua kichwa chake, akamwachia aende. Babu akavuta kamba nyepesi, na mwisho wake akamkuta taza peke yake, anamtazama. Rawda akaishia hapo, akakaa.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mukhtari, yule aliyesema hayumo.

"Sasa babu akamfanyani taza?"

Rawda alimtazama mwalimu.

"Hata mimi nataka kujua," Mwalimu Safiyya alisema. "Kamalizieni, mniletee niiweke kitabuni. Na wewe Mukhtari, usimwoze."