Siku Mtaa Mzima Ulipomkana Mkwe Wangu

Uvumi ule niliusikia kwa Xinia msusi, kichwa changu kikiwa ndani ya beseni. Alisema watu wa uhamiaji siku hizi hawaji na sare. Wanajifanya wauza tiketi za bahati nasibu, wanapita mlango hadi mlango na ubao wao wa tiketi, na wakimkuta Mnikaragua anakaa ukweni wanamchukua vilevile alivyo, awe na makaratasi asiwe nayo, mpaka mpakani. Kuna mmoja alichukuliwa akiwa ananyoa, sabuni ingali shavuni.

"Nani alimwona?" nikauliza.

"Binamu ya mteja wangu."

"Mteja yupi?"

"Doña Hannia, nikianza kuuliza yote hayo, nywele nitaosha saa ngapi?"

Nikarudi nyumbani na kichwa kisafi, lakini maneno yale sikuweza kuyatoa. Mkwe wangu, Eliézer, ni Mnikaragua kutoka Chontales, ng'ambo ya mpaka wetu. Ni fundi wa vigae, mtu mpole, na hunyoa kila asubuhi kwenye sinki la uani, akiimba. Tangu siku ile akianza kuimba mimi nachungulia barabarani.

Eliézer alimwoa binti yangu Yendry na wanakaa kwangu, chumba cha nyuma. Alikuwa na kibali cha muda, na wakati huo walikuwa wameomba kile cha kudumu, anachopewa mgeni aliyefunga ndoa na raia. Yendry alikuwa mjamzito. Alishaniambia mapema, bila hasira, akikunja nguo za mtoto: "Mama, wakimkatalia, simwachi aende peke yake. Tutakwenda wote Chontales na mtoto atazaliwa huko." Nilichoogopa mimi kilikuwa hicho. Sina mtoto mwingine.

Sasa, katika mtaa wetu, jambo ukimwambia mtu mmoja umeliambia duka la don Evelio. Xinia alilipeleka kabla yangu. Nilipoingia kununua kahawa, nilikuta linajadiliwa.

"Yule kijana ni wetu," don Evelio alikuwa anasema, ameegemea mizani. "Nani alinitengenezea sakafu hii? Akija mtu kumuulizia, sisi hatumjui. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," watu wakajibu.

"Hata mkipewa tiketi ya bure."

"Ikiwa na namba nzuri je?" mtu mmoja akauliza, wakacheka.

Moyoni nikamshukuru Mungu kwa majirani. Ijumaa ile muuza tiketi wa kweli, mzee wa watu anayepita kwetu tangu zamani, alipofika kona ya duka, doña Cecilia, mke wa don Evelio, alimfungulia mbwa. Mzee alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Mtu wa uhamiaji alikuja wiki iliyofuata, mchana kweupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, ana mwavuli wa buluu na kitambulisho kinaning'inia shingoni kila mtu akione. Kwetu nyumba hazina namba. Ukitaka kumwelekeza mtu unamwambia: anzia ilipokuwa depo ya maziwa, teremka hadi kwenye kanisa la vipaza sauti, geti la kijani. Depo yenyewe ilibomolewa Yendry akiwa mdogo. Mwenyeji anajua ilipokuwa, ila mgeni hana budi aulize.

Akaingia dukani. Mimi nilikuwa palepale, nimeshika pakiti ya kahawa.

"Habari za mchana. Naomba kujua ilipokuwa depo ya maziwa."

"Maziwa?" don Evelio akasema. "Mama, hapa hata ng'ombe hatumjui."

"Nimeambiwa iko mtaa huu. Namtafuta bwana Eliézer, mume wa Yendry. Mnamfahamu?"

"Jina zuri. Lakini hapa halipo."

Mwanamke akanigeukia mimi. "Na wewe, mama?"

Kabla sijafungua kinywa, don Evelio akadakia: "Huyo ni mpita njia tu."

Yule mwanamke alinitazama, akatazama kandambili nilizovaa. Akanunua chupa ya maji akatoka. Nikamwona anakwenda kwa Xinia. Xinia akamwambia Eliézer ni jina la Biblia, akaulize kanisani. Kanisani palikuwa pamefungwa. Kwenye nyumba ya kona wakamwambia Wanikaragua wote walishahama. Akapita mbele ya geti langu la kijani, akagonga, na ndani hapakuwa na mtu kwa sababu mimi nilikuwa dukani, mpita njia. Mvua ikaanza, akafungua mwavuli, akaondoka.

"Tumempiga chenga," don Evelio akasema, na watu wakapiga makofi.

Jioni nikawasimulia Yendry na mumewe, nikicheka. Nilipofika kwenye mwavuli wa buluu nikaona Yendry ameweka kijiko chini.

"Mama. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."

"Mnamsubiri vipi?"

"Uhamiaji walituambia atakuja mtu kuhakikisha kwamba tunaishi pamoja. Anauliza majirani. Kazi yake ndiyo hiyo tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelala? Ungepikia mtaa mzima tamale."

Ni kweli, ningekesha nikifunga unga wa mahindi ndani ya majani ya mgomba. Lakini bora tamale.

Eliézer hakugomba. Alimaliza chakula chake, akafuta mdomo, akasema, "Mama, hapa hajafa mtu. Wamefanya vile kwa kunipenda. Kesho twende ofisini kwao tukaseme ukweli."

Tukaenda. Yule mwanamke, jina lake Ureña, alitupokea vizuri, akatukalisha. Alisema hana ubaya na mtu, ila aliandika alichosikia. Aliuliza mtaa mzima na mtaa mzima ukamwambia mtu huyo hayupo.

"Mimi ni mama mkwe wake," nikasema. "Ananyoa kwenye sinki langu kila siku ya Mungu."

"Nakusikia, mama. Lakini familia lazima iseme hivyo, hata ndoa za kupanga zina mama wakwe. Niletee mmoja wa wale walionikatalia. Aje mwenyewe aniambie kwa nini. Akija nitarudi mtaani. Asipokuja, ombi linakwenda kwa wakubwa lilivyo, na sidhani watalikubali."

Njiani kurudi Yendry hakulia. Aliniuliza tu kama huko Chontales kuna baridi wakati wa mvua, akimuuliza mumewe kupitia mimi, kwa kuwa nilikuwa katikati yao. Eliézer akajibu kwamba kuna joto, mtoto hatahitaji sweta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufuma masweta.

Nikaenda moja kwa moja kwa don Evelio.

"Unataka nifungwe?" akasema. "Nilimwambia mtu wa serikali uongo usoni, halafu nikamuuzia maji."

"Don Evelio, Yendry ataondoka."

"Mwambie Xinia aende. Yeye ndiye redio."

"Xinia amesema ana mteja wa kupaka rangi nywele."

Akawa anapanga makopo ya jodari ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Mimi nikakaa juu ya gunia la mchele na sikuondoka. Doña Cecilia akatoka nyuma ya pazia, mikono ina unga.

"Evelio, hebu vaa suruali ya maana. Ulipokuwa unadanganya watu hukuogopa."

"Na wewe uliyemfungulia mzee mbwa?"

"Mimi kiatu nimekirudisha. Vaa."

Alivaa suti yake ya mazishi. Ofisini alisimama mbele ya meza ya yule mwanamke kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, kofia mkononi, sisi watatu nyuma yake.

"Don Evelio," mwanamke akasema, "kwa nini uliniambia humjui?"

"Kwa sababu namjua."

"Sijaelewa."

"Ningekuwa simjui ningekuonyesha nyumba mara moja, yananihusu nini? Tulisikia mnawachukua watu sabuni ikiwa shavuni. Nikasema, huyu hapana."

Mwanamke akaweka kalamu chini. "Sabuni?"

"Ndivyo ilivyosemwa kwa msusi."

"Haya. Basi unamjuaje? Nieleze."

Don Evelio akafikiri. "Maharage," akasema. "Sisi tunakula meusi, maharage ya watu. Huyu alipokuja akaanza kuulizia mekundu. Nikamwambia hapa hatuuzi, akawa anatembea mpaka barabara kuu. Nikamwonea huruma, nikaagiza mfuko kwa ajili yake. Sasa nusu ya mtaa inataka mekundu. Ametuharibia watu."

"Nimewafungua macho, don Evelio," Eliézer akasema.

"Nyamaza wewe, uko kwenye kesi."

Yendry akacheka, akashika tumbo. Mwanamke hakucheka, lakini aliandika, na alipoandika nikaona mdomo wake unahangaika. Kisha akaniinulia macho mimi.

"Na wewe, mama, si ndiye yule mpita njia?"

"Ndiye mimi," nikasema. "Naomba radhi. Geti la kijani ulilogonga ni langu."

"Niliona kandambili. Nikajiuliza, mpita njia gani huyu wa kandambili." Akafunga faili. "Nitarudi. Siku sisemi. Na tafadhali, wasinifungulie mbwa."

Alirudi baada ya siku chache, na safari hii hakupata nafasi ya kuuliza. Xinia alimwita kutoka dirishani akamwonyesha geti kwa kitana. Watu wa nyumba ya kona walimleta mpaka mlangoni, wanabishana kama Eliézer alihamia kabla ya kanisa kuweka vipaza sauti au baada. Eliézer mwenyewe alikuwa kazini. Ureña akaona viatu vyake vya zamani vya kazi vyenye saruji, wembe wake, kitanda chao, kitanda cha mtoto alichokiunda Eliézer kwa mbao za mabaki. Nikamkaribisha kahawa na tamale, kahawa akanywa, tamale akasema hawaruhusiwi.

Kadi ya kibali cha kudumu ilitoka mtoto akiwa na mwezi mmoja. Alizaliwa hapahapa. Wako chumba cha nyuma, na masweta yanamtosha.

Ninaandika haya kwa sababu nimesikia kuna mama mwingine, mtaa wa juu, binti yake ameolewa na Mvenezuela, na tayari ameanza kuwafunza majirani la kusema. Mama mwenzangu, na wengine mlio kama sisi, haya msiyafanye:

Usiamini habari ya binamu ya mteja. Nenda ofisini ukaulize, kuuliza ni bure.

Usiwaambie majirani wanyamaze. Usiwaambie pia waseme nini. Waache wajibu wanavyojua.

Usimkimbie mtu mwenye kitambulisho.

Usielekeze nyumba kwa kitu kilichobomolewa. Taja kilichopo, rangi ya geti, na uache namba ya simu.

Usiache nyumba tupu mchana wakati ombi liko mezani.

Binti, usimfiche mama yako kwamba atakuja mtu kukagua, hata kama mama ana wasiwasi.

Usimpe pesa mtu anayesema ana ndugu ndani ya ofisi.

Ukishakosea, usikae nyumbani kusubiri jibu.

Usingoje kibali cha muda kiishe ndipo uombe cha kudumu.