Bunduki Aliyoitaka Ardis

"Fumba macho, mama," alisema Wade, muuzaji. "Ipandishe begani, laza shavu, halafu fumbua. Usirekebishe chochote. Acha jicho lenyewe liseme."

Ardis Kvamme alifumba macho katikati ya duka la bunduki, Jumamosi asubuhi, vichwa vya kulungu vikimtazama kutoka ukutani. Akaipandisha. Kitako kilimnasa kwapani, akakivuta, akakisogeza, akalaza shavu. Alipofumbua hakuona mbele wala pembeni, aliona chuma cheusi tu, mgongo wa bunduki yenyewe.

"Unaona nini?"

"Naona giza."

"Basi hiyo siyo yako." Wade akaipokea na kuirudisha mahali pake.

Delores, wifi yake na mpishi mwenzake, alikuwa ameegemea kaunta na kikombe cha kahawa ya bure. "Hiyo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote humu, wifi," alisema. "Ungeinyoosha kidogo shingo yako."

"Shingo yangu nimeinyoosha kiangazi kizima, Delores. Imechoka."

Alisema kweli. Kiangazi kizima alikuwa akiazima bunduki ya marisawa ya kaka yake Harlan, mume wa Delores, bunduki ndefu ya kukokiwa kwa mkono, iliyotengenezwa kwa mwanamume mwenye mikono kama makasia. Ilimpiga teke begani, na ikishamaliza bega inahamia shavuni. Jumatatu moja, shule zilipokwisha kufunguliwa, alipokuwa akigawa chakula katika jiko la shule anakopika, watoto walimuuliza nani kampiga. "Kisahani," aliwajibu, na kwa muda wa wiki moja darasa la tatu zima liliamini kwamba jikoni kuna vita.

Lakini aliupenda mchezo huo, tena aliupenda vibaya. Ulianza kama mzaha wa wapishi: waunde timu, waiite Mwiko Moto, waende uwanja wa klabu wakapige visahani vya udongo vinavyorushwa hewani badala ya kukaa kulalamikia sufuria. Siku ya kwanza Ardis alivikosa karibu vyote. Kimoja tu, kile cha mwisho kabisa, kilivunjika hewani kikawa vumbi la rangi ya machungwa, naye akasimama pale mdomo wazi kama mtu aliyeitwa jina lake na redio. Tangu hapo alikuwa akiosha vyombo huku bega la kulia limeinuka.

Sasa ligi ya vuli ilikuwa inaanza siku hiyohiyo, saa nane mchana. Timu ni watu watano. Wakiwa wanne, hawaandikishwi, na msimu unawapita. Na Harlan alikuwa amejiunga na timu ya wenzake wa ghala la nafaka, wanaopiga saa ileile, kwa hiyo bunduki yake ilikuwa na kazi. Ardis alikuwa na dola mia sita mkobani, alizojiwekea kwa kuwaokea watu keki za arusi, na duka lilikuwa linafungwa saa sita.

Wade akamletea ya pili. Hiyo ilitoka Uturuki, mitutu miwili imelaliana, kitako chake cha mbao ya mjozi kimesuguliwa kikang'aa. Ardis akafumba macho, akafumbua, akaona vizuri kiasi. Delores akapiga mluzi.

"Nzuri, si nzuri?" Wade alisema. "Ila sitakudanganya, mama. Imezidi hela yako, tena ni nyepesi. Bunduki nyepesi ni raha ukiwa unatembea nayo msituni kutafuta ndege. Ukisimama uwanjani ukapiga risasi mia mchana mmoja, wepesi wake wote unaulipia wewe kwa bega."

"Wewe unauza au unafukuza wateja?" Delores alimuuliza.

"Nauza, mama. Ila nataka arudi kununua risasi."

Kijana huyo alikuwa amefika mjini kwetu tangu majira ya kuchipua, kutoka Texas, akimfuata mchumba wake. Mtu mzuri, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akaingia chumba cha nyuma, akatoka na bunduki isiyo na urembo wowote, yenye mkwaruzo mrefu ubavuni.

"Hii imeletwa jana. Ilikuwa ya binti aliyepigia timu ya shule, sasa kaenda chuo. Inajikoki yenyewe, na gesi ya risasi inaposukuma mitambo, inapunguza teke. Ina uzito wa kutosha. Na kitako wamekikata kifupi."

Ardis akaipokea. Hakufikiri. Akafumba macho, akaipandisha, na safari hii hakuna kilichomnasa kwapani. Ilipanda ikafika, na shavu likakuta mahali pake pa kulala. Akafumbua.

Mwishoni mwa mtutu, kishanga cheupe cha kulengea kilikuwa kimekaa katikati, peke yake, kama punje ya chumvi juu ya meza iliyofutwa. Hakusogeza kitu. Hapakuwa na cha kusogeza.

Akaufuatisha mtutu kwenye kona ya dari, taratibu, jinsi kisahani kinavyopita, na kishanga kikaenda naye. Akarudia. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Aliitaka bunduki ile. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka gari, au jiko jipya, au hata, Mungu amsamehe, baadhi ya watu waliokwisha kumchumbia.

"Wameiandikia mia tano," Wade alisema, akitabasamu kwa sababu alikuwa anaona. "Mimi nakupa kwa mia nne na hamsini. Unaichukua?"

"Aa, hapana," Ardis alisema. "Hiyo ni nzuri mno kwangu."

Hapa lazima niwatetee watu wa kwetu. Sisi wa Minnesota hatujui kupokea kitu kikiletwa mara ya kwanza. Hapana ya kwanza ni salamu. Ya pili ni shukrani. Mwenye kutoa anajua hivyo, kwa hiyo anatoa mara ya tatu, na hapo ndipo unaposema, haya basi, kama haikusumbui. Kipande cha mwisho cha keki kwetu hakiliwi: mtu anakikata nusu, anayefuata anaikata nusu ile tena, mpaka kinabaki kitu cha kuwapa sisimizi, na sahani inarudi jikoni na heshima zake. Ardis alikulia humo. Katika jiko la shule alikula wa mwisho miaka yote, kona iliyoungua ya sinia, na ukimwambia ongeza anakwambia ameshiba.

Wade hakukulia humo. Kwao, mtu akisema hapana, ni hapana.

"Sawa, mama," alisema kwa upole. Akaichukua bunduki mikononi mwake, akaisimamisha kwenye rafu nyuma ya kaunta, akaenda kumpimia mtu buti.

Ardis alibaki mikono imeinuka kidogo, mitupu.

"Atarudi," Delores alinong'ona. "Bado mara mbili."

"Najua."

Wakangoja. Wade alimpimia yule mtu buti, akamsifia, akapokea hela, akapanga masanduku ya risasi. Akapita mbele yao mara mbili akiimba. Hakurudi.

"Labda anafikiri ulisema kweli," Delores alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba wazo hilo lilimtisha.

"Mwambie."

"Nimwambie mimi? Nimwambie nini? Mwambie wewe."

"Siwezi, nimeshakataa!"

Mlango ukalia kengele. Akaingia Orville Brekke, fundi bomba, mzee mwenye kofia ya masikio hata kabla ya baridi. Akawasalimu wote wawili, akasema upepo umeanza, wakakubali kwamba umeanza. Kisha akamwambia Wade anamtafutia mjukuu wake Kaia bunduki fupi ya kuanzia, ya timu ya shule, isiyompiga teke sana.

"Una bahati," Wade alisema, na akampa ile.

Orville aliigeuza, akaona kitako, akaona mkwaruzo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo alipoinua macho na kuuona uso wa Ardis. Mtu aliyekaa miaka mingi chini ya masinki ya watu hajifunzi mengi juu ya nyuso, lakini uso ule hata sinki lingeusoma.

"Ardis. Ulikuwa unaiangalia hii?"

"Aa, niliishika tu."

"Basi ichukue wewe."

"Hapana, Orville, ni ya mtoto."

"Mtoto ataanza majira ya kuchipua. Tena anarefuka kama mahindi ya Julai, ikifika Krismasi itakuwa imemkalia fupi. Chukua."

"Hapana, hapana. Umeshaishika wewe."

"Nimeishika kwa bahati mbaya."

"Mpe Kaia, kwa kweli."

Hiyo ilikuwa hapana ya tatu, na wote watatu wenyeji waliisikia ikianguka. Ardis aliisikia kuliko wote. Ilikuwa imemtoka yenyewe, kwa mazoea, jinsi mkono unavyozima jiko. Orville akashusha macho. Heshima ilikuwa imeishiwa na njia. Hakuna mtu anayetoa mara ya nne, huko sasa ni kumlazimisha mwenzako. Lakini naye hakuweza kuichukua mbele ya uso kama ule. Kwa hiyo akafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya: akailaza bunduki juu ya kaunta, katikati, isiwe karibu na mtu yeyote.

"Basi nitafikiri," alisema.

"Na mimi nitafikiri," Ardis alisema.

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza robo saa kufika sita. Delores alitazama ndani ya kikombe chake. Orville alisoma maandishi ya boksi la risasi. Bunduki ikalala pale.

Wade aliwaangalia mmoja mmoja, akakuna kichwa.

"Samahanini," alisema kwa sauti yake ile kubwa. "Mimi mgeni. Nauliza tu. Kuna mtu anaitaka hii bunduki?"

Swali lilikuwa la utovu wa adabu kiasi kwamba Orville alikohoa. Hapakuwa na pa kulikwepa. Huwezi kusema labda. Huwezi kusema si mbaya. Huwezi kulikata nusu ukaacha nusu kwenye sahani. Ardis alifungua mdomo na hapana ya nne ikaja mbio mpaka kwenye meno. Akaifungia humohumo. Alitazama kishanga kile cheupe.

"Mimi," alisema. "Mimi naitaka."

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, karibu kama ya Wade.

"Naitaka sana. Nimeitaka tangu mwanzo. Orville, unisamehe, ningependa Kaia apate nzuri, lakini hii naitaka mimi."

Delores alimwaga kahawa. Orville alikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio ya kofia, kisha, polepole, akaanza kucheka kicheko cha chini chini, cha mtu aliyefunguliwa kola ya shati.

"Ee, Ardis," alisema. "Si ungesema."

Wade alipiga simu ya ukaguzi wa serikali kwa wanunuzi wa bunduki, na kwa dakika zote walizongoja Ardis hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikwenda dirishani, akarudi, akakunja risiti, akaikunjua. Ruhusa ikaja. Alipotoka nje na sanduku la bunduki kifuani, upepo ulimpiga usoni naye akacheka peke yake katikati ya maegesho, mwanamke mzima wa miaka hamsini na kitu, na hakutazama nani anamwona.

Saa nane kasorobo Mwiko Moto walikuwa watano, wameandikishwa, wako kwenye uwanja wa mazoezi wakipasha mikono. Mahindi yaliyokauka yalikuwa yakisugua majani upande wa pili wa uzio. Ardis alivaa miwani, akaziba masikio, akapanda kwenye nafasi yake.

"Vuta!"

Kwa amri yake hiyo kisahani kiliruka kutoka kwenye kibanda cha mtambo wa kurushia, kikakata kushoto. Bunduki ikapanda yenyewe. Teke lilikuja kama mtu anayekusukuma upite mlangoni. Mbele, hewani, pakabaki vumbi la rangi ya machungwa tu.

"Vuta!"

Vumbi tena. Wapishi walipiga kelele. Kimoja kikamponyoka kwenye upepo, akakitukana kwa Kinorwe cha bibi yake, na kilichofuata akakisaga. Alikuwa anacheka kwa sauti kati ya risasi na risasi, na shavu halikumuuma hata kidogo.

Delores alikuwa amesimama nyuma yake na bunduki yake mwenyewe imefunguliwa mkononi. Alishindwa kuvumilia.

"Laini kiasi hicho?"

"Laini. Shika, ijaribu."

"Aa, hapana, wifi," Delores alisema, akirudi nyuma nusu hatua. "Ndiyo kwanza umeinunua."

"Sawa," Ardis alisema.

Akatia risasi nyingine na kugeukia uwanja. Nyuma yake Delores alikuwa bado amenyoosha mkono mmoja, kidogo tu, akingoja. Ardis alilaza shavu.

"Vuta!"

Kisahani kikatoka, kikapanda juu ya mahindi.