Kiota Kipya cha Kuku wa Rwegoshora

Kila asubuhi Jovitha aliwamwagia kuku machicha ya rubisi, pombe ya ndizi, akawavunjia na bonge la kichuguu wajidonolee mchwa. Kisha alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye vikapu vilivyotandikwa majani makavu ya migomba, akakusanya mayai na kuacha moja katika kila kikapu ili kuku wasihame. Aliyokusanya alimpelekea mumewe, Rwegoshora. Jovitha mwenyewe hakuwahi kuonja hata moja. Katika kijiji cha Nyabiyonza cha miaka ile, mwanamke hakula kuku wala yai. Kazi yake ilikuwa kufuga tu.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, miguu ilimvimba na kizunguzungu kikawa hakimwachi. Dresa wa zahanati alimfunua kope, akasema damu imepungua: ale yai kila siku, la sivyo mtoto atazaliwa dhaifu, au asizaliwe kabisa. Jovitha aliogopa sana. Alipoyafikisha maneno hayo nyumbani, mama mkwe wake, Anatolia, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema dresa ni kijana mwema, ila hajaoa.

Ijumaa iliyofuata vikapu vilikuwa vitupu. Jovitha alikuwa amekaa uani akimenya ndizi, mtetea mwekundu akaja, akampanda mapajani, akataga. Yai lilitoka limechemshwa, limemenywa na kutiwa chumvi. Mitetea wengine walikuwa wamesimama nyuma yake kwa foleni, kila mmoja akingoja zamu.

Rwegoshora alikula, akasema chumvi imekolea vizuri. Lakini mfugaji ni mfugaji, alitaka kuku wake watage panapostahili. Alisuka vikapu vipya, akavinyunyizia majivu ya kuulia utitiri, akavihamishia upande usio na upepo. Kuku walivikagua kwa adabu, kisha wakarudi kwa Jovitha. Jirani yao Kashaija alikuja kutazama, akakisia kwamba pengine mapaja yana joto linalofaa.

"Wanasema kuku wa mkata hatagi, Ta Rwegoshora," akamtania. "Wako wanataga mpaka na chumvi."

Wakacheka wote, hata Jovitha, ambaye njaa ilikuwa inamkata tumbo.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alilitamani lile yai, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliyemo tumboni, akaliinua mpaka likagusa midomo. Anatolia, aliyekuwa akichambua maharage karibu yake, akakohoa kidogo.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi niliwahi kulinusa. Mwanamke akila yai hurudishwa kwao. Mpelekee mumeo."

Jovitha akampelekea.

Basi nyumba ikazoea. Jovitha aliambiwa asiende shambani asubuhi, kuku wasije wakamkosa, na majirani wakamsifu Rwegoshora kwa kujua kumpumzisha mke mjamzito. Rwegoshora mwenyewe alinawiri, mashavu yakamjaa. Vikapu vipya vikatumika kuanikia kahawa.

Mtoto alizaliwa msimu wa senene. Alikuwa wa kike, mdogo mno, na kilio chake kilikuwa cha chini hivi kwamba ilibidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. Lakini alikuwa hai, na Jovitha alishukuru mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya kumtoa nje aonwe na majirani, walimlaza juu ya mkeka, uani. Mtetea mwekundu alisogea katikati ya wageni, nao wakampisha. Akachuchumaa kando ya mtoto, akamtagia kiganjani yai dogo sana, kiasi chake. Mtoto akalishika. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, lakini vililishika barabara.

Rwegoshora akapiga magoti. Alimpenda binti yake, na kila aliyekuwepo aliliona hilo. Akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, asimuumize, akalitoa yai. Kisha akakifumba tena kile kiganja kitupu, kisipate baridi.