Ngoma ya Kubadilishana Wenzi

Mwalimu wa ngoma za asili alijua vizuri namna ya kuanza na watu ambao hawajawahi kucheza. Unawapa ngoma ya duara, mikono imeshikana, hatua za kutembea tu. Mtu akikosea anavutwa na wenzake na hakuna anayejua. Ngoma za kubadilishana wenzi zinangoja hadi mwezi wa pili. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha hivyo, naye mwalimu akayaandika yote kwa wino mwekundu kwenye daftari lake la chuo.

Lakini Jumamosi ile shangazi mwenyewe alikuwa ameketi kando ya mlango, amekuja kumwona binti wa kaka yake akifundisha, na ngoma ya duara ikaonekana imepooza kama uji wa mgonjwa. Basi akachagua ya kubadilishana wenzi, kwa watu kumi na wawili ambao hilo lilikuwa somo lao la pili tu.

Wanaume walisimama duara la ndani, wanawake la nje. Filimbi ikilia, kila mwanamke anasogea kulia kwa mwenzi mpya. Ilipolia mara ya nne, fundi cherehani, mama mnene mwenye haya aliyekuwa akiwaomba watu radhi hata kabla hajawakanyaga, akaingia ndani badala ya kusogea kulia. Alipotahamaki yuko katikati ya ukumbi peke yake, mikono ameinyoosha mbele.

"Mama, huyo mwenzio mbona hatumwoni?" kinyozi akapaza sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. Si sana, lakini alicheka, huku akimtupia jicho shangazi kuona kama naye anacheka. Shangazi hakucheka.

Jumamosi iliyofuata fundi hakuonekana. Mwalimu akajipa moyo kwamba huenda kazi zimemzidi. Jumatatu uvumilivu ukamwishia, akamfuata kwenye kichumba chake cha kushonea, vitambaa vimepangwa hadi darini.

"Karibu, mwanangu! Sketi imekubana?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukujulia hali. Jumamosi hukuja."

Fundi akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. "Nije kufanya nini? Mguu wangu huu unajua kukanyaga cherehani tu. Na wale watu walivyonicheka! Hata yule kinyozi na kipara chake." Akashusha sauti. "Ni wewe tu ambaye hukunicheka. Nilikuwa nimekupa mgongo, lakini najua. Nilimwambia dada yangu, yule mtoto ana utu."

Mwalimu angeweza kunyamaza. Ilibaki kumbembeleza kidogo tu, na fundi angerudi, tena kwa ajili yake.

"Nilicheka, mama."

Cherehani ikasimama.

"Nilicheka. Na ngoma ile sikupaswa kuwapa, ni ya watu waliozoea. Niliichagua ili shangazi yangu anione hodari. Kosa halikuwa lako hata kidogo. Nisamehe."

Fundi akakilaza kitambaa chini ya sindano, akakinyoosha mahali palipokwisha kunyooka.

"Ungeninyamazia tu," akasema. "Nilikuwa nimeshapata mtu wa kumsifu."

Cherehani ikaanza kuunguruma tena, na mwalimu akatoka bila kuagwa.

Jumamosi akawapanga duara. Kinyozi akanung'unika kwamba hii ni ya watoto wa chekechea. Walikuwa wameshashikana mikono mlango ulipofunguka. Fundi akaingia na kanda yake ya kupimia bado shingoni. Kando ya mwalimu palikuwa na nafasi tele. Akapita mbele yake bila kumtazama, akaenda upande wa pili, akajipenyeza kati ya kinyozi na muuza dawa.

"Sogea huko, kipara," akasema, na watu wakacheka. Mwalimu hakuthubutu.

"Haya, mwalimu, anza," fundi akasema, macho sakafuni. "Hatukuja kusimama."

Mwalimu akainua mguu wa kulia.