Kina Mama wa Kopo B

Mimi nilikuwa mtu wa daftari, na nasema bila aibu. Mwaka 1975 hodari wa hotuba walijaa Sumbawanga nzima, lakini hodari wa kuandika tarehe ungewahesabu kwa vidole. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua chumba cha utafiti nyuma ya hospitali. Kulikuwa na darubini moja, jokofu la mafuta ya taa, taipureta, na Landrova iliyosukumwa zaidi ya ilivyoendeshwa. Daktari Theodory, mwalimu wa chuo, alinitoa kwetu Tukuyu kwa sababu moja tu, kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Kazi yetu ilikuwa bondeni, njia ya Kaoze, katika kijiji kipya ambacho watu walikuwa wamehamishiwa mwaka uliotangulia. Wajawazito wa pale hawakuwa na damu. Ukifunua kope unakuta weupe, na wengine walikuwa wakila udongo mchana kweupe. Daktari alitaka kujua kama kidonge kimoja cha kuongeza damu kila asubuhi, mama akimeza mwenyewe nyumbani, kinafaa mahali penye malaria na minyoo ya safura kama pale. Kikithibitika, chuo kingeiandikia wizara, na kila zahanati ya mkoa ingepelekewa.

Nilikabidhiwa makopo mawili, A na B. Vidonge vilifanana rangi na ukubwa, lakini kopo moja lilikuwa la dawa na jingine la unga mtupu. Lipi ni lipi sikujua, wala Daktari hakujua; siri ilikuwa kwenye bahasha iliyopigwa lakiri huko chuoni. Kina mama walikuwa arobaini, ishirini wa A na ishirini wa B, kwa orodha iliyotoka chuoni. Tuliwaambia tu kwamba tunalinganisha vidonge vya aina mbili. Kila wiki niliteremka huko kwenye joto, nikawagawia vya siku saba, nikawatoboa kidole, nikadondosha damu kwenye karatasi na kulinganisha wekundu wake na kadi ya rangi.

Luciana aliangukia B. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimba mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeishia kaburini. Damu yake kwenye karatasi ilikuwa kama chai iliyozidishiwa maji.

"Dada, hiki ndicho kitakachonivusha?" aliniuliza, kidonge kikiwa kiganjani.

"Wewe meza," nikamjibu. Sikujua kama namdanganya, na hilo ndilo lililonisumbua usiku ule na nyingi zilizofuata.

Wiki tatu za kwanza damu ya kina mama wa A ilipanda, ya wenzao ikabaki palepale. Nikafurahi, daftari linapendeza. Wiki ya sita damu ya B nayo ikapanda, ya A ikasita. Niliilaani kadi, nikadhani jua limeifubaza. Kumbe asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenye nyumba ya Mama Dominika, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, UWT, ambaye ndiye alikuwa akinilaza, nikawakuta kina mama uani, naye akiwa kati yao, wamezunguka ungo. Ndani ya ungo kulikuwa na vidonge.

"Shikamoo, mama. Hiki nini?"

"Marahaba, mwanangu," akaitika mama mmoja wa B. "Vidonge. Tunagawana tangu wiki ya nne. Leo mtu anameza cha A, kesho cha B, ili kila mmoja apate."

"Nani amewaambia A ni bora?"

Wakaangaliana, wakaangua kicheko. "Choo, mwanangu. Wenzetu wa A wiki ya kwanza tu walianza kupata choo cheusi kama masizi. Sisi wa B chetu kilekile cha siku zote. Tukajua dawa iko kwao. Sasa shamba tunalima pamoja, mahindi tunagawana, dawa ndiyo tufichane?"

Nilifoka. Nilifoka kweli, mbele ya watu walionizidi umri, mpaka leo naona haya. Bahasha ya chuo yenye lakiri ilikuwa imefunguliwa chooni, na mimi mwenye darubini nilikuwa wa mwisho kujua. Hasira ilipotulia nikawaeleza. Mkigawana, A na B zitalingana. Zikilingana, chuo kitasema dawa haina maana. Kikisema hivyo, hakuna zahanati itakayoletewa, na wadogo zenu mwakani hawatapata hata kimoja.

Walinielewa vizuri sana.

"Sawa," Mama Dominika akasema. "Basi tuchagulie. Kati ya sisi hawa, nani asimeze?"

Hakuna aliyemtazama Luciana, na hapo ndipo nilipojua kila mtu anamfikiria yeye. Mwenyewe aliweka mkono juu ya tumbo, akasema polepole, "Kama ndiyo kazi yenyewe, nitarudi kwenye B yangu."

Laiti angekataa! Angekataa ningegombana naye, na ugomvi nauweza. Nilikaa kwenye kigoda, nikafungua daftari ambalo halijawahi kufutwa neno, nikaandika kwa wino: "Tangu wiki ya nne kina mama wote wanagawana vidonge vyote. Sikuwazuia."

Jumamosi Daktari akafika. Alisoma akiwa amesimama, akasoma tena akiwa amekaa.

"Ungewazuia, Ndugu Atuganile."

"Ningeanza na yupi, Daktari?"

Hakuwa mtu mbaya. Alipiga teke tairi la Landrova, akaniambia miaka miwili ya maombi, barua na safari za kwenda chuoni imekwenda na maji. Kisha akamwita Luciana, akamfunua kope, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mimi sijui kopo lipi lina dawa," akaniambia bila kunitazama, "lakini naona kijiji kizima kinajua. Vilivyobaki vya A wape wote mpaka viishe."

Luciana alijifungua mtoto wa kiume. Alitokwa na damu nyingi, lakini safari hii alikuwa nayo ya kutoka. Nililia nilipopata habari, mbele ya taipureta, bila kujificha.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya chuo, mistari mitatu. Utafiti haukukamilika. Faida ya vidonge haikuthibitika. Hakuna vingine vitakavyoagizwa. Darubini ikapelekwa mkoa mwingine, na mimi nikahamishiwa kwenye kliniki ya wajawazito, kuandika kadi.

Mwaka uliofuata, siku ya baridi kali, Luciana alipanda kutoka bondeni kwa lori la mkaa. Mgongoni alikuwa na mtoto mnene aliyenivuta kitambaa cha kichwa. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake, Shida, mwenye mimba ya miezi saba. Nilimfunua kope kabla hajakaa. Kulikuwa kweupe.

"Nimemwambia Dada Atuganile yupo, asiogope," Luciana akasema, akanyoosha kiganja. "Haya, mpe vile vya A."

Nikamwambia havipo. Alicheka, akidhani namtania, kiganja kikabaki wazi mbele yangu.