Dua ya Kufunga Kikao

Mafuta yalimrukia Burulcha mkononi akiwa katikati ya sentensi ya pili. Aliuchovya mkono kwenye ndoo ya maji, akageuza maandazi kwa mkono mwingine, kisha akaianza sentensi upya.

"Waheshimiwa, mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tisa. Sikuacha. Nilitolewa."

"Sema kwa nguvu, Profesa," alisema Zuurakan, mpishi mwenzake, akikanda donge la mwisho la unga. "Hapo hata maandazi hayakusikii."

"Nikifika huko nitasema kwa nguvu."

"Ukifika huko utaangalia viatu vyako. Nakujua. Mkwe mbele ya baba mkwe, sauti yote inaingia tumboni."

Walikuwa jikoni mwa shule ya chekechea tangu alfajiri. Amri ilikuwa imetoka ofisi ya wilaya: chekechea iandae chai na maandazi kwa wageni kutoka mji mkuu, na baada ya hapo wafanyakazi wote waende kwenye ukumbi wa utamaduni wakawe wananchi. Asiyetokea asije kazini Jumatatu. Hakuna aliyeuliza wananchi wanakwenda kutoa maoni juu ya nini. Ni Burulcha peke yake aliyesimama kwenye matope mbele ya posta akalisoma tangazo mpaka mwisho.

Kanuni za kujiunga na vyuo vikuu vya serikali zilikuwa zinabadilishwa. Kiti cha serikali, kile ambacho mwanafunzi halipi ada, sasa kingekuwa cha kijana mwenye cheti cha shule ya mchana tu. Mwenye cheti cha shule ya jioni, kama Burulcha, angeweza kuingia, lakini kwa kulipa. Yeye na baba mkwe wake walikuwa na ng'ombe wawili. Wangewauza wote wawili na ada ya mwaka mmoja isingetimia. Mtihani wa kuingia ulikuwa kiangazi kilichokuwa kinakuja.

Hakutaka mambo makubwa. Mwalimu wa chekechea alikuwa amehamia Moscow, na watoto walishindishwa darasani na yeyote aliyepatikana, mara mlinzi, mara mfagizi. Burulcha alikuwa akiwafundisha nyimbo kupitia dirisha la jikoni huku akikoroga uji. Alitaka kuvuka korido moja tu, kutoka jikoni hadi darasani. Sheria ilisema korido hiyo haivukwi bila shahada.

Aliporudi masomoni, mumewe akiwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, maneno yalitembea kijijini. Mke wa mtu anatafuta nini nje jioni? Mzee Kasymaaly, baba mkwe wake, hakujibu mtu. Alivaa kofia yake ndefu nyeupe, akamsindikiza mpaka shuleni, akakaa kwenye korido karibu na jiko la makaa mpaka somo likaisha. Akafanya hivyo majira yote ya baridi. Vinywa vikachoka vyenyewe.

Ukumbini kulikuwa na baridi hata watu walitoa mvuke wakipumua. Walimu, wauguzi na wafagizi walikaa na makoti yao. Safu ya mbele ilijaa wazee wenye kofia nyeupe, walioletwa na gari la wilaya, na Mzee Kasymaaly alikuwa katikati yao. Kamera mbili zilisimama ubavuni.

Mgeni mkuu aliitwa Emil Sadyrovich. Alikuwa na koti zuri, na aliisema lugha yao kama mtu aliyevaa kiatu cha kuazima, kwa uangalifu, akiogopa kujikwaa. Alizungumza muda mrefu. Ubora, alisema. Ushindani. Kisha akamwita mhadhiri mmoja aliyekuja naye kwenye gari, naye akasifu kanuni. Akamwita mwanafunzi mmoja, naye akasifu.

Burulcha akasema Bismillahi moyoni na kuinua mkono. Kidonda cha mafuta kilikuwa kimeshavimba.

"Mama wa pale nyuma, nimekuona," alisema Emil Sadyrovich. "Utapata nafasi yako."

"Haya, Profesa," alinong'ona Zuurakan. "Usiangalie viatu."

Mgeni akatazama saa yake, akazitazama kamera, kisha akainama kuelekea safu ya mbele.

"Lakini jamani, tuna aibu sisi watu wa mjini. Tumekaa na wazee wetu hapa bila kupata dua yao! Baba, tafadhali, panda huku. Tuombee. Waombee vijana wanaokwenda chuoni."

Mzee Kasymaaly alijiangalia kifuani, kama anayehakikisha kwamba ni yeye aliyeitwa. Akapandishwa jukwaani, akawekewa kipaza sauti mdomoni. Ni mzee gani angekataa kuwaombea wanafunzi? Akafungua viganja, na ukumbi mzima ukafungua viganja pamoja naye.

"Mola wetu," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Wanaotafuta elimu, wafungulie. Aliyefungiwa mlango, mfungulie mlango. Anayekwenda darasani kwa miguu gizani, huku watu wanamsema, mwangazie njia, umfikishe."

Burulcha alijua anayeombewa. Mkono aliokuwa ameuinua aliushusha, akaukutanisha na mwenzake, viganja juu. Machozi yalimtoka.

"Amina!" alisema, na sauti haikuingia tumboni. Iliwapita watu wote.

Mikono ikapita nyusoni. Kamera zikaichukua, safu kwa safu.

"Amina," alisema Emil Sadyrovich. "Asanteni sana. Kwa dua hii ya wazee wetu, kikao kimefungwa. Kanuni mpya zimepata baraka za wananchi. Karibuni chai."

Watu walikuwa wameshasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Miguu yao ilijua. Dua ikishasomwa hakuna neno tena; hata mkate uliobaki mezani hauguswi.

"Samahani!" aliita Burulcha. "Samahani, mimi sijasema!"

Mwanamume aliyekaa mbele yake aligeuka. "Mkwe," alisema, kama kijiji kizima kilivyomwita, "dua imeshasomwa."

"Si alisema nitapata nafasi?"

"Unataka kusema juu ya dua? Tena dua ya baba mkwe wako mwenyewe? Kaa chini, usituaibishe."

Hakukaa. Alijipenyeza katikati ya makoti mpaka akafika chini ya jukwaa, Zuurakan nyuma yake akimvuta mkanda wa koti.

"Mheshimiwa, mimi nimepata cheti changu shule ya jioni. Kanuni hii inanifungia—"

"Mama," alisema Emil Sadyrovich kwa upole, "maoni yako yana thamani kubwa sana. Lakini mimi naheshimu mila zenu. Wazee wamefunga. Mimi ni nani nifungue?"

"Ulimwambia aombe. Hukusema ni dua ya kufunga."

"Na ameomba vizuri. Wewe mwenyewe nilikusikia." Alitabasamu. "Amina yako ilikuwa kubwa kuliko za wote."

Mzee Kasymaaly alikuwa bado amesimama karibu na kipaza sauti ambacho kilikuwa kimeshazimwa.

"Mwanangu," alimwambia mgeni, "mimi nimeomba watoto wasome. Sikuyaombea makaratasi yako."

"Ni kitu kilekile, baba."

"Si kitu kilekile."

"Baba, tazama huku kidogo, tupige picha." Emil Sadyrovich alimshika bega, akamgeuza kwenye kamera, na picha ikapigwa mzee akiwa mdomo wazi.

Meza ya chai iliandaliwa chumba cha nyuma. Mkuu wa chekechea alimwonyesha Burulcha samovari, birika kubwa la shaba lenye bomba, bila kumtazama machoni. Kumimina ni kazi ya mkwe. Burulcha akavua koti, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, akaanza. Wazee aliwamiminia kidogokidogo, chini kabisa ya kibakuli cha kunywea chai, kama inavyotakiwa kwa watu unaotaka wakae nawe sana, uwe unaongeza na kuongeza. Cha baba mkwe kilikuwa na tone tu.

Kibakuli cha mgeni alikijaza. Aliacha bomba wazi mpaka chai ikasimama ukingoni ikitetemeka.

"Umechanganyikiwa?" alinong'ona Zuurakan. "Umekijaza!"

"Nimeona."

"Huko ni kumwambia mgeni anywe aondoke! Mbele ya wakubwa! Mwaga, mwaga upesi, watadhani ni mimi."

"Nipishe."

Akakipeleka mwenyewe, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kifuani, kama alivyofunzwa alipoolewa. Hakumwaga hata tone. Alipokiweka mbele ya Emil Sadyrovich, mzee mmoja aliacha kutafuna. Kisha mwingine. Jambo hilo walikuwa wamelisikia likisimuliwa, kuliona, hapana. Mkuu wa chekechea alishika shavu. Mzee Kasymaaly alikitazama kibakuli, akamtazama mkwe wake, akainamisha kichwa.

Mgeni alikiinua kwa mikono miwili, taratibu, asiungue.

"Ohoo! Hii ndiyo chai!" alisema. "Mmeona wenyewe? Wazee wamepewa tone, mimi nimejaziwa! Watu wa milimani wana moyo mkunjufu, nilishaambiwa." Akanywa yote, akafuta midomo, akatwaa andazi. Wenzake wawili kutoka mji mkuu walicheka kwa furaha. Safu ya kofia nyeupe haikucheka.

Akakisukuma kibakuli kuelekea kwa Burulcha.

"Niongeze, dada. Hivyo hivyo, mpaka juu."

Burulcha alinyoosha mkono kukichukua. Kabla hajakigusa, Mzee Kasymaaly aliimaliza chai yake, lile tone la heshima, akasogeza kibakuli chake juu ya kitambaa cha meza mpaka kikagusana na cha mgeni.

"Na mimi, mwanangu," alimwambia mkwe wake bila kuinua uso. "Mpaka juu. Dua ilitoka kinywani mwangu."

Burulcha alisimama mbele ya samovari na vibakuli viwili mikononi. Nyuma yake Emil Sadyrovich alikuwa anauliza kama maandazi yamebaki ya kubeba njiani.